Utani Uliompa Mzee Rajabu Daraja la Kwanza

Hawakosekani vijana wawili watatu kila mwaka wanaoteremka kwenye basi hapa Mikumi, wakaulizia nyumba ya yule mama aliyekuwa karani wa mkonge, wakabisha hodi, wakaniamkia vizuri kabisa, kisha wakafungua kompyuta na kuniuliza kama nina nakala ya fomu ya kutathmini kazi. Shikamoo yao ni ya sekunde moja. Shida ya fomu ni ya saa tatu. Chai nawapa. Fomu siwapi. Nyingine ziliwahiwa na mchwa, nao nadhani walizielewa kuliko wengi waliozijaza.

Ninyi mnaosomea rasilimali watu, kaeni kidogo. Kazi niliyoifanya miaka yote ile, huko kati ya Kilosa na Zombo, ilikuwa kuamua nani alipwe zaidi ya nani, kisha kumweleza aliyepata kidogo kwamba haki imetendeka. Tathmini ya kazi ni njia ya kistaarabu ya kumweleza mtu kwa nini jirani yake anamzidi mshahara. Kabla ya kuwa wastaarabu tulikuwa tunanyamaza tu, na sikumbuki kama malalamiko yalikuwa mengi zaidi.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Kapinga, afisa utumishi wetu enzi shamba likiwa la shirika la umma. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka tukauchoka: "Tunapima kiti, hatupimi makalio." Maana yake, usimwangalie mtu ni mpole, ni mlevi, au ni shemeji wa nani. Angalia kazi yenyewe. Na alikuwa na swali moja alilolithamini kuliko fomu zote: siku huyu asipokuja, nini kinasimama? Mkijifunza swali hilo mnaweza kuacha chuo mwaka wa kwanza, na ada mkanunua mbuzi.

Njia yake ilikuwa foleni. Kila kazi aliiandika kwenye kikaratasi, akavipanga mezani kuanzia kazi nzito hadi nyepesi, kisha anamwita meneja kuhakiki. Hapo ndipo haki ilipokuwa ikipatwa na ajali. Mwaka mmoja meneja alichukua kikaratasi cha mtunza bustani wa nyumbani kwake, akakipandisha juu ya kile cha muuguzi wa zahanati. Mzee Kapinga aliuliza kwa adabu kwa nini. Meneja akajibu kwamba maua anayaona kila asubuhi, zahanati hajaingia tangu ahamie. Huo ndio uzuri wa njia ya foleni. Ni rahisi, ni ya haraka, na inapima kwa usahihi mkubwa umbali kati ya kazi yako na dirisha la bosi.

Baadaye yakaja maelekezo kutoka juu kwamba tugawe kazi katika makundi: kazi za mkono na kazi za kalamu. Ndani ya mwezi mmoja walinzi wote wa ghala walikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati. Mmoja wao kalamu yake haikuwa na wino hata tone. Daraja lilipanda vilevile.

Kisha soko huria likafika Kilosa. Madukani tuliona sabuni za rangi tatu na mitumba ya kila aina. Shambani tuliona gari jeupe. Shirika lilikuwa limeuzwa, na mwekezaji, kabla ya kununua hata mkanda mpya wa mashine, alinunua mshauri. Aliitwa Bwana Deo, kijana wa Dar es Salaam, shati limenyooka, mkononi mkoba unaofungwa kwa namba. Alituambia njia zetu zote zilikuwa za kizamani. Sasa tungetumia pointi.

Sitawadanganya, pointi ni njia nzuri. Unachukua vigezo vinne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Kila kigezo kina alama zake. Unajumlisha, na jumla inakuonyesha daraja. Yalikuwepo madaraja saba, na la kwanza ndilo lilikuwa la chini kabisa. Wafanyakazi wengi waliwahi kupanda treni pale Kilosa, wakijua daraja la kwanza ni la wakubwa wenye vitanda na mashuka. Siku tulipowasomea utaratibu, watu kadhaa walipiga makofi wakiomba Mungu awajalie la kwanza. Mungu ni msikivu.

Fomu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mfanyakazi anaeleza kazi yake, kisha mwenzake anayefanya naye kazi anathibitisha. Juu kabisa kwa herufi nene imeandikwa: *Andika neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze.* Nilipoisoma sentensi hiyo niliona hatimaye serikali ya mbinguni imeleta fomu kwa ajili yangu. Mimi daftari langu la mahudhurio halikuwahi kuwa na mstari uliopinda. Nikazunguka shamba zima na fomu zangu kifuani, wiki tatu, neno kwa neno.

Dereva wa meneja aliniambia, "Andika dada, mimi nimebeba uhai wa kampuni." Nikaandika. Bwana Deo alimpa pointi nyingi za wajibu. Mpishi wa nyumba ya wageni aliniambia yeye ni balozi wa kwanza wa kampuni. Nikaandika. Naye akapata zake.

Nikafika korona. Kwa msioijua, korona ni mashine inayokwangua majani ya mkonge. Ndani yake kuna ngoma kubwa yenye visu butu inayozunguka. Majani yanaingia huku mabichi, yanatoka kule nyuzi nyeupe, ndizo singa, tayari kwa kuanikwa. Nafasi kati ya visu na bati la chini ndiyo roho ya shamba. Ikizidi, singa zinatoka na ukijani na hakuna anayezinunua. Ikipungua, singa zinakatika vipande vipande.

Aliyeijua nafasi hiyo ni Mzee Rajabu, Msagara wa hapo hapo Zombo. Kwenye rejista aliandikwa "kibarua msaidizi, korona", cheo alichopewa siku alipoajiriwa, akiwa kijana, na hakuna aliyekumbuka kukibadilisha. Nilimkuta amekaa kwenye gogo pembeni ya mashine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, nieleze kazi unayofanya."

"Si unaniona? Nipo hapa."

"Hapa unafanya nini?"

"Nasaidia."

"Unasaidia nini, mzee?"

"Nasaidia saidia vijana, ikitokea."

Huyo ni mtu aliyelelewa. Mtu mzima wa huku hawezi kusimama mbele ya binti wa watu akajitangaza kwamba bila yeye kiwanda hakiendi. Angeonekana amechanganyikiwa. Niliandika: "Nasaidia saidia vijana, ikitokea." Sikuongeza, sikupunguza.

Wa kuthibitisha alikuwa Maganga, mlisha mashine, Mnyamwezi mwenye sauti ya kushindana na korona na kuishinda. Hapa niwafafanulie ninyi mliozaliwa kwenye maghorofa. Maganga na Mzee Rajabu walikuwa watani. Wazee husimulia kwamba Wanyamwezi walipita huku na mizigo kichwani enzi za misafara, na kati yao na wenyeji ukabaki utani wa makabila. Mtani wako anakutukana, anachukua ndizi zako, anakuja msibani kwako akamkemea marehemu kwa uvivu wa kufa mapema, na hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Maganga alikuwa akimwamkia mzee kila asubuhi kwa heshima zote, anaitikiwa marahaba, halafu anauliza, "Bado hujafa tu?"

"Maganga," nikasema, "mwenzako huyu anafanya kazi gani?"

"Huyu? Hana kazi huyu! Andika, dada. Anakaa kwenye gogo amefumba macho kutwa nzima. Nzige wakimaliza nchi, wa mwisho kujua ni yeye."

"Andika na la kwake," Mzee Rajabu akadakia kutoka kwenye gogo. "Analisha mashine kwa sababu kwao hawana hata kuku wa kulisha."

Watu wote wa korona walicheka, nami nikacheka mpaka kalamu ikateleza. Kisha nikafuta machozi nikaandika: "Hana kazi. Anakaa kwenye gogo amefumba macho kutwa nzima." Nikamwonyesha Maganga mahali pa kuweka dole gumba. Fomu zikaingia kwenye mkoba wa namba, zikaenda Dar es Salaam, mahali ambapo hakuna aliyesikia kicheko.

Majibu yalibandikwa kwenye ubao wa kantini. Mzee Rajabu, daraja la kwanza. Chini ya mpishi, chini ya dereva, chini ya mtunza bustani wa meneja, ambaye alikuwa bado yupo na maua yalikuwa bado yanaonekana. Chini ya orodha palikuwa na tangazo fupi: kuanzia mwezi ujao, kazi zote za daraja la kwanza zitafanywa na vibarua wa siku. Mnajua maana yake? Mzee aliyebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu angeachishwa ajira ya kudumu, angekabidhi chumba cha kambini alichowalelea watoto wake, na kiinua mgongo angekisikia kwenye redio. Yote kwa maneno mawili: hana kazi. Na hati ilikuwa yangu, nzuri, haina mstari uliopinda.

Jioni ile Maganga aliingia ofisini bila hodi.

"Dada, uliandika nini kwenye karatasi ile?"

"Ulichosema."

"Nilikuwa namtania!"

"Fomu haina sehemu ya utani."

"Wewe mwenyewe ulikuwa unacheka!"

"Kicheko nacho hakina sehemu."

"Basi sisi wajinga tunaotumia mdomo tunahitaji sehemu kubwa kidogo," akasema. "Mzee hajaniambia neno juu ya hilo. Asubuhi nimemwamkia, akaitikia. Nikamuuliza bado hujafa, akasema, nakaribia."

Hapo kalamu yangu ilianza kuwa nzito. Maana, vijana, nilijua. Mwaka uliotangulia Mzee Rajabu aliugua malaria wiki nzima, na korona ikatoa singa kama matambara ya kufutia vyungu. Lori zima lilirudishwa. Barua ya kuomba radhi kwa mnunuzi niliichapa mimi. Kwa kipimo cha Mzee Kapinga, nilikuwa na jibu la swali lake kwenye faili langu mwenyewe, droo ya pili. Lakini fomu haikuuliza, nami nilikuwa nimeajiriwa kujibu fomu.

Utaratibu uliruhusu rufaa, ndani ya siku saba, kwa sharti kwamba mthibitishaji awe yule yule. Bwana Deo alikuja na gari jeupe, akaketi kantini nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa, mimi pembeni na karatasi. Mzee Rajabu alivaa kanzu na koti. Maganga alikuwa amekopa shati lenye kola, na usiku kucha, alivyoniambia, alikuwa akikariri.

"Ndugu Maganga," akasema Bwana Deo, "awali ulisema huyu hana kazi. Leo unasemaje?"

Maganga alisimama kama anayeimba wimbo wa taifa. "Mzee Rajabu ni mfanyakazi hodari, mwaminifu, mchapakazi, na ni... ni kielelezo kwa jamii."

Bwana Deo hakuinua hata kalamu. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu asubuhi kwa kila aliyeingia. Hata mlinzi wa kalamu isiyo na wino alikuwa kielelezo kwa jamii. "Kingine?"

"Ni mtu wa watu."

"Kingine?"

Maganga akaanza kuvutavuta kola. Ndipo Mzee Rajabu, ambaye hakuwa ametamka neno tangu aingie kantini, akagonga fimbo yake sakafuni.

"Wewe Maganga! Unanisifu mbele za watu? Nimekukosea nini? Hata nikifa hutanisifu, leo imekuwaje? Kaa chini, unaniaibisha!"

"Nakusaidia, mzee."

"Sitaki msaada wa Mnyamwezi aliyevaa shati la kuazima. Kama huna la kusema, sema unayoyasema siku zote."

Maganga alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Bwana Deo. Bwana Deo akatazama saa. Hapo nikafanya jambo ambalo karani haruhusiwi kulifanya: nikauliza swali lisilo kwenye fomu.

"Maganga, siku mzee huyu asipokuja, nini kinatokea?"

"Siku hiyo?" Sauti yake ikarudi yote kwa mkupuo. "Siku hiyo ni sikukuu, dada! Raha tupu! Nalisha majani, yanatoka machicha, nyapara anapiga kelele, mwisho mashine inazimwa, wote tunakwenda kuota jua. Mwaka jana alipougua tulikula wiki nzima bila kazi. Ndiyo maana kila siku namwombea afe!"

Bwana Deo aliinua kalamu. "Mashine inazimwa kwa nini?"

"Kwa sababu mchawi hayupo! Si yeye na masikio yake, makubwa kama majani ya mgomba? Anakaa kwenye gogo, amefumba macho kama bibi harusi, sisi tunadhani amelala. Mara anainua mkono: zima. Tunazima. Anasema kisu cha tatu kimelegea. Unafungua, kweli kisu cha tatu kimelegea! Sasa huyo ni mtu au jini?"

"Anaamua yeye kuzima? Bila nyapara?"

"Nyapara atasema nini? Meneja mwenyewe alikuja siku moja akamwambia washa, tuna oda. Huyu mzee kiburi akakataa. Akamwambia washa wewe, mimi naenda kunywa maji. Meneja akasubiri juani nusu saa kama mtoto aliyechelewa shule." Maganga akavuta pumzi. "Na usikae naye karibu, bosi. Ananuka maji ya mkonge tangu sijazaliwa. Ngozi imebabuka, nzi wakitaka kutua juu yake wanaomba ruhusa kwanza."

"Mkono wake umepatwa na nini?"

Mkono wa kushoto wa Mzee Rajabu ulikuwa na vidole vitatu.

"Hiyo ni mahari," Maganga akasema. "Aliiposa korona akatoa vidole viwili. Wakwe wakamwona bahili, wakampa mashine mbovu."

Mzee Rajabu alicheka. Alicheka akiegemea fimbo, mabega yakitikisika, na mimi nilikuwa naandika kwa kasi ambayo sijawahi kuandika, neno kwa neno. Bwana Deo alikuwa ameivuta fomu karibu, akijaza alama. Masikio makubwa: ujuzi. Kumsimamisha meneja juani: wajibu. Nzi wanaoomba ruhusa, na ile mahari: mazingira ya kazi, kipengele cha hatari. Juhudi peke yake ndiyo ilileta ubishi, kwa sababu mzee kweli alikuwa amekaa. Alipomaliza kujumlisha, alirudia kujumlisha.

"Daraja la tano," akasema taratibu. "Na cheo hiki cha kibarua msaidizi kifutwe. Andika fundi wa korona."

Maganga alipiga kofi moja tu, akamgeukia mtani wake. "Umesikia? Sasa ukifa tutakula pilau ya nyama."

Ningewaambia mambo yaliishia hapo, mkaenda zenu mkiwa mmefurahi. Lakini Bwana Deo alikuwa mtu wa utaratibu, kama mimi, na utaratibu ulisema kosa likigundulika kwenye rufaa, kazi ya aliyejaza fomu ya awali nayo ipitiwe upya. Akatoa fomu yangu. Mimi nilikuwa daraja la nne. Katika sehemu ya maelezo nilijieleza kama mratibu wa taarifa, mtunza siri na mshauri wa menejimenti katika masuala ya wafanyakazi. Sikuwa nimelelewa vizuri kama Mzee Rajabu.

"Ndugu Maganga, bado upo," akasema Bwana Deo. "Na huyu karani? Kazi yake ni nini?"

Maganga alinitazama bila uadui wowote. "Huyu? Huyu anaandika, bosi. Ukicheka anaandika. Ukikohoa anaandika. Nyumba ikiungua ataandika moshi ni wa rangi gani. Siku asipokuja hatujui kama hajaja."

Nikamwahi Bwana Deo. "Huyo anatania."

Bwana Deo akamgeukia. Sasa alikuwa amejifunza. "Na huyu naye ni mtani wako?"

"Hapana, bosi," Maganga akasema. "Huyu ni Mpare. Watani wangu ni Wasagara. Hayo ya huyu ni kweli tupu."

Nilishuka hadi daraja la tatu, na ndilo nililostaafia. Maelezo ya mthibitishaji yamo kwenye jalada langu mpaka leo, kama jalada lenyewe lipo. Mkilipata someni, hati yake ni nzuri. Niliyaandika mwenyewe, neno kwa neno.